Gitaa la umeme lenye pikapu za piezo: linafaa kwa kazi za jukwaani?

RidhimYaPwani

Habari zenu, wanamuziki wenzangu na mafundi mitambo.

Napiga gitaa la ridhim katika bendi ambayo kazi yake kubwa ni harusi na hoteli za ufukweni, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Kwa kawaida jioni huanza na nyimbo za taratibu wageni wakiwa mezani, ambapo wenye hoteli hutaka sauti ya gitaa kavu, na baada ya chakula tunahamia kwenye rumba na sebene mpaka watu wachoke wenyewe. Kubeba magitaa mawili kwenye bajaji pamoja na begi la pedali ni adha. Isitoshe, gitaa kavu nililokuwa nalo lilikuwa likipiga fidibaki (mlio wa sauti ya spika kurudi kwenye gitaa) kila drami zilipokolea, kwa sababu majukwaa ya hoteli ni madogo na monita, zile spika za kutusikilizisha sisi wenyewe, zinakaa karibu kabisa na miguu yetu.

Ndiyo maana nilinunua kwa mtu gitaa la umeme la mbao nzima, lisilo na tumbo, ambalo mwenyewe wa kwanza alilibadilisha daraja na kuliwekea lile lenye kipande cha piezo, yaani kihisi cha mtikisiko, chini ya kila uzi. Pikapu zake mbili za sumaku zimebaki kama zilivyokuwa. Kuna swichi ndogo ya hatua tatu: sumaku peke yake, piezo peke yake, au zote kwa pamoja. Tundu la jeki ni moja tu, na sioni mahali popote pa kuweka betri.

Nikipitisha piezo kwenye amplifaya yangu ya gitaa, sauti hutoka kavu na ya kubana, kama ya kitu cha plastiki. Nikichomeka kwenye kisanduku cha DI cha ukumbini (kile kinachounganisha gitaa na mixa) ili sauti iende moja kwa moja kwenye mixa, uzi wa sita na wa tano karibu hazisikiki. Nikiiweka swichi katikati, piezo hupotea kabisa na kubaki sumaku peke yake. Je, vipande vya piezo ni vibovu, au kuna njia maalumu ya kuvipitisha? Na kuna yeyote anayelitumia gitaa la namna hii jukwaani mara kwa mara akaridhika nalo?

Fundi_Mitambo

Ndugu RidhimYaPwani, dalili zako zote tatu hazionyeshi kwamba piezo ni mbovu. Zinaonyesha kwamba kuna kitu kinachokosekana kati ya piezo na mixa, nacho ni priampu, yaani kikuza sauti kidogo cha awali.

Pikapu ya sumaku ni koili inayohisi uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku. Piezo ni kauri au fuwele inayotoa umeme inapobanwa na kuachiwa, tabia ambayo ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waliieleza mwaka 1880, kabla hata gitaa la umeme halijafikiriwa. Kwa kuwa haihitaji sumaku, hufanya kazi hata kwa nyuzi za nailoni. Lakini umeme inaoutoa ni dhaifu mno kwa maana ya mkondo, na ukitazama kwa macho ya fundi redio, kipande cha piezo ni kapasita ndogo. Kapasita ndogo ikiunganishwa na kifaa chenye impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ndogo ya kuingilia hukata sauti za chini.

Tufanye hesabu kwa kipande chenye pikofaradi 500. Ukikiunganisha na kifaa chenye impidansi ya megaomu 10, sauti huanza kupungua chini ya hezi 32, ambako gitaa halifiki. Ukikiunganisha na megaomu 1, ambayo ndiyo ya amplifaya nyingi za gitaa na pedali nyingi, upungufu huanzia kwenye hezi 318. Sasa njoo kwenye DI ya ukumbini: kama ni ile ya transfoma isiyotumia umeme, impidansi yake mara nyingi ni kiloomu 140 hivi, na hapo upungufu huanzia juu ya hezi 2,200. Uzi wa sita ukipigwa wazi hulia kwenye hezi 82. Kwa hiyo kinachofika kwenye mixa ni mkwaruzo wa kucha au pleki tu, na fundi wa ukumbi akijaribu kuirudisha besi kwa kutumia ikwalaiza ataongeza mvumo, kwa sababu noti yenyewe imeshapungua mno kabla haijamfikia.

Kuhusu swichi kuwa katikati, aliyeiunganisha aliziweka sumaku na piezo kwenye njia moja bila kitu cha kuzitenganisha. Koili ya sumaku ina kiloomu chache tu, basi piezo ikikutana nayo umeme wake wote huishia humo.

Una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo naipendelea, ni kutafuta priampu ndogo ya kuwekwa ndani ya gitaa, ile inayotumia betri ya volti 9. Kampuni zinazotengeneza madaraja ya piezo, kama vile Fishman na Graph Tech, huuza pia priampu zinazolingana na madaraja hayo. Njia ya pili ni ya gharama ndogo zaidi: mwambie fundi akutolee tundu la jeki la mono akuwekee la stirio, sumaku ziende kwenye ncha ya plagi na piezo iende kwenye pete yake, kisha utumie waya wa Y unaozigawa njia mbili. Upande wa sumaku utakwenda kwenye pedali na amplifaya yako kama kawaida, na upande wa piezo utakwenda kwenye DI yenye impidansi kubwa. L.R. Baggs Para DI ina megaomu 10, na Radial PZ-DI ina swichi ya kuchagua hadi megaomu 10. DI ya kawaida inayotumia umeme na yenye megaomu 1 itakusaidia kiasi, ila besi haitakuwa kamili.

Ukichagua njia ya pili, tumia waya mfupi kwa upande wa piezo. Kwenye pikapu za sumaku waya mrefu hula sauti za juu, lakini kwenye piezo isiyo na priampu hupunguza nguvu ya sauti yote kwa pamoja. Waya wenye pikofaradi 100 kwa kila mita, ukiwa wa mita 6, unaweza kuondoa zaidi ya nusu ya volti kabla hazijafika popote, na mtu akiukanyaga utasikia kishindo kwenye spika. Mwambie pia fundi wako asiguse kipande cha piezo kwa kifaa cha kulehemea, kwa maana joto huiharibu kauri hiyo bila kuacha alama yoyote ya nje. Waya za ndani ziwe zile zenye kizuizi cha kuzungushiwa, la sivyo gitaa litavuma kila taa za ukumbi zikiwashwa.

MpigaSolo_Mvita

Kaka, kwa lile swali lako la mwisho jibu ni ndiyo. Nalitumia hapa Mombasa na nimeridhika, ingawa langu lilitoka kiwandani likiwa na priampu pamoja na matundu mawili tofauti. Aina hii ya gitaa si jambo geni: Parker Fly, lililotoka mwaka 1993, lilikuwa na sumaku na piezo ya Fishman katika gitaa moja jembamba, na tangu hapo kampuni nyingine nyingi zimefuata.

Fundi amemaliza upande wa umeme, nami niongeze upande wa mpigaji. Usiipitishe piezo kwenye amplifaya ya gitaa hata baada ya kupata priampu. Spika ya inchi 12 ya amplifaya hizo hushuka sana baada ya kilohezi 5, na mng'ao wote unaoutafuta kwenye gitaa kavu uko huko juu. Amplifaya yenyewe nayo imetengenezwa kuipa sumaku ladha yake, basi piezo ikipita humo inapokea ladha isiyo yake. Mahali pake ni kwenye mixa na spika kubwa za ukumbi, au kwenye amplifaya ya gitaa kavu yenye twita (spika ndogo ya sauti za juu).

Jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka wapande jukwaani ni kwamba piezo ikienda kwenye mixa, wewe mwenyewe huisikii. Amplifaya iliyo nyuma yako imenyamaza, ukumbi unasikia, na wewe unazidi kutia nguvu mkononi. Piezo haipendi nguvu. Ukichapa uzi, ule mshtuko wa mwanzo ndio unaotoa sauti hiyo ya plastiki uliyoitaja. Kabla onyesho halijaanza, mwombe fundi mitambo akuwekee piezo kwenye monita yako, hata kidogo, kisha upige kwa mkono mwepesi kuliko ulivyozoea. Kwa kuwa gitaa lako halina tumbo, monita inaweza kuongezwa sauti kuliko vile gitaa kavu lingevumilia, na kwangu hiyo peke yake inatosha kulihalalisha gitaa hili kwenye jukwaa dogo.

Kwenye ikwalaiza mimi hukata kila kilicho chini ya hezi 80, hupunguza kidogo kati ya kilohezi 1 na 3 mpaka ule ukali ulegee, na sigusi kingine. Nyuzi pia zina maneno yake. Seti nyepesi ya 009 (unene wa uzi wa kwanza kwa maelfu ya inchi) husikika nyembamba mno kupitia piezo, kwa hiyo nafunga ya 011 ambayo uzi wake wa tatu umesokotwa. Kuuvuta uzi huo kwenye solo ni kazi, ila wewe ni mpiga ridhim, hutaumia. Usifunge nyuzi za shaba za gitaa kavu ukidhani sauti itakaribia zaidi, kwa sababu pikapu zako za sumaku hazitazisikia vizuri na sebene yako itakuwa imelala.

Kwa mpangilio wa wimbo, mimi hutumia piezo kwenye utangulizi na beti, ambapo gitaa linafuatana na mwimbaji, kisha sebene inapoingia nahamia sumaku. Wakati mwingine kwenye kiitikio nawasha zote mbili, sumaku ya karibu na shingo ikiwa chini sana, na sauti inanenepa bila kupoteza ule mng'ao. Ukifanya hivyo na sauti ikakonda badala ya kunenepa, basi fezi zimepingana, yaani mawimbi ya sauti mbili yanafutana: tafuta swichi ya kugeuza fezi kwenye DI au kwenye mixa uibonyeze, kisha usikilize tena.

Mzee wa Gitaa Kavu

Nimewasoma vijana wangu kutoka huku Kakamega, na sina ugomvi na hesabu za Fundi. Ila naona mnamtuma mwenzenu kununua sauti ambayo gitaa hilo halina.

Sauti ya gitaa kavu hutoka kwenye ubao wa mbele na hewa iliyo tumboni. Piezo iliyo chini ya uzi huhisi msukumo wa uzi kwenye daraja, basi. Kwenye gitaa kavu lenye piezo, ubao angalau unalitikisa lile daraja. Kwenye mbao nzima hakuna cha kulitikisa. Sisi tuliojifunza kupiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo wa Katanga, kule Kongo, wa akina Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, tunajua kwamba kidole gumba hakitoi noti tu, kinaamsha gitaa zima. Noti ya besi inakaa chini ya nyimbo inayopigwa na kidole kingine, inapumua, halafu inazimika taratibu. Katika mbao nzima noti hiyo hudumu kupita kiasi, na besi ya pili inaikuta ya kwanza bado inalia.

Kwa wageni walio mezani, chukua gitaa lako kavu, kaa kitini, weka maikrofoni umbali wa sentimita 20 hivi ikielekea pale shingo inapokutana na tumbo, wala usiielekeze kwenye tundu kwa sababu huko kuna mvumo mtupu. Drami zikianza, badilisha gitaa. Kubeba magitaa mawili ni sehemu ya kazi.

MpigaSolo_Mvita

Shikamoo, Mzee. Juu ya besi kudumu kupita kiasi nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo sababu mimi huweka kiganja cha mkono wa kulia karibu na daraja ili kuizima mapema ninapopiga kwa vidole. Wengine hubandika kipande chembamba cha sponji chini ya nyuzi pale kwenye daraja, lakini basi huwezi kuhamia sebene bila kukitoa.

Pia zipo pedali zinazobeba sura ya sauti ya magitaa kavu halisi yaliyorekodiwa kwa maikrofoni, kisha zinaichanganya na sauti ya piezo. Fishman wanaiita Aura, na kampuni nyingine zina za kwao. Kwenye gitaa la mbao nzima mimi huiweka chini ya nusu, kwani ikizidi hapo sauti huonekana kama imerekodiwa chumba kingine. Inarudisha ile hewa kidogo, ila kwa mtu anayeketi hatua chache kutoka kwako ukumbi ukiwa kimya, gitaa lako kavu bado linashinda.

Tofauti yetu, Mzee, ni mahali pa kazi. Harusi haina ukimya huo. Hata wakati wa chakula kuna vijiko, watoto, na mshereheshaji anayetangaza meza ipi iende kuchukua chakula, na maikrofoni iliyo wazi mbele ya gitaa inavikusanya vyote hivyo.

RidhimYaPwani

Shikamoo, Mzee, na ahsanteni nyote. Nimelifungua gitaa na ni kama Fundi alivyosema: waya za piezo zimeunganishwa moja kwa moja kwenye swichi, hakuna priampu. Mbao ya nyuma haina nafasi ya betri bila kuchimbwa, kwa hiyo nimeamua kwenda na njia ya pili, jeki ya stirio na DI ya megaomu 10.

Jana nilipata DI ya kuazima, nikaijaribu mazoezini na besi imerudi. Uzi wa sita unasikika kama uzi wa sita. Limezuka jambo jingine. Nikichomeka upande wa piezo peke yake kuna utulivu, na upande wa sumaku peke yake kuna utulivu, lakini nikichomeka zote mbili kwa pamoja panakuwa na mvumo mzito unaoendelea hata nikifunga sauti ya gitaa. Mwenzangu mmoja amenishauri niikate pini ya ethi (ile ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja) kwenye plagi ya amplifaya. Je, nifanye hivyo?

Fundi_Mitambo

Usiiguse pini hiyo. Tafadhali soma hili kabla hujamsikiliza mwenzako.

Mvumo unatokana na gitaa moja kuunganishwa na ethi kwa njia mbili: moja kupitia amplifaya, nyingine kupitia DI na mixa. Njia hizo mbili hufanya kitanzi, na mkondo mdogo unaozunguka humo ndio unaousikia. Ukikata pini ya ethi kwenye amplifaya mvumo unaweza kunyamaza kweli, lakini siku amplifaya itakapopata hitilafu na umeme kuvuja kwenye kasha lake la chuma, ethi pekee itakayobaki ni ile inayopita kwenye nyuzi za gitaa lako na waya wa mixa. Nyuzi unazishika kwa mkono, na midomo yako inagusa maikrofoni. Huku kwetu, ambako kumbi nyingi hutumia jenereta na ekstensheni za kuungaunga, hilo si jambo la kufikirika tu.

Kwenye DI kuna swichi ndogo iliyoandikwa GND au LIFT. Inakata ethi ya waya wa sauti unaokwenda kwenye mixa, wala haigusi ethi ya umeme wa nyumba. Ibonyeze na usikilize. Ikiwa DI yako inapata umeme wa volti 48 kutoka kwenye mixa, angalia kwanza kwamba haizimiki ukiibonyeza, kwa maana DI nyingine hupitisha umeme huo kwenye waya uleule. Ikizimika, tumia betri yake. Mvumo ukibaki, mahali pa kuongeza transfoma ya kutenganisha ni kwenye njia ya sumaku, kabla ya amplifaya. Njia ya piezo iache kama ilivyo. Na amplifaya pamoja na mixa, inapowezekana, vichomekwe kwenye chanzo kimoja cha umeme badala ya kona mbili za ukumbi.

Kisha kuna jambo moja litakalokukuta jukwaani usipolijua. Umesema una pedali, na bila shaka moja ni ya kurekebishia nyuzi. Sasa pedali hiyo iko kwenye njia ya sumaku peke yake. Ukiikanyaga katikati ya nyimbo mbili ili urekebishe nyuzi kimyakimya, amplifaya itanyamaza, lakini piezo itaendelea kuupelekea ukumbi mzima kila uzi unaouvuta. Kama DI uliyoazima ina swichi ya kunyamazisha, iweke mguuni, usiiache nyuma ya amplifaya. Kama haina, chomeka pedali ya sauti kati ya DI na mixa, ila iwe baada ya DI kuishughulikia piezo, kamwe isiwe kabla, na utumie tundu la jeki la kutokea la DI, kwani pedali ya sauti ya gitaa haikutengenezwa kwa waya wa maikrofoni.